Uzinduzi wa Taa za Chumba Namba Saba

Msomaji asihangaike kuitafuta nchi hii kwenye ramani. Ramani yake ipo, imechapwa kwa rangi nne, ila haijazinduliwa. Imefunikwa kitambaa katika Wizara ya Ardhi na mlinzi amekaa kando yake. Mwenye haraka aende akaulize huko, ataambiwa arudi wiki ijayo.

Nchi hiyo ina sheria nyingi, lakini inayofuatwa na watu wote ni moja tu: kitu cha serikali hakitumiki mpaka kizinduliwe. Daraja la Mto Sanzu limekamilika mwaka wa tano sasa, na wananchi wanavuka chini yake, maji yakiwa kiunoni, huku wakilisifu kwa jinsi linavyowakinga na jua. Shule mpya ya Mkongoti ina madarasa manane, na watoto wanakaa nje wakichungulia ubao dirishani. Wapo kina mama waliojifungulia katika wodi mpya ya wazazi, uchungu ukiwa umewawahi, na watoto wao wakaandikishwa kuwa wamezaliwa "karibu na jengo". Hakuna anayelalamika. Dawati la malalamiko lipo, nalo linamsubiri mgeni rasmi.

Bwana Gervasi Kasole, ambaye habari hii ni yake, alikuwa afisa itifaki wa Hospitali Kuu. Kazi yake ilikuwa kufunga utepe mwekundu kwenye kila kifaa kipya, kuutunza mkasi rasmi wa kuukatia, na kuhakikisha kwamba tangu utepe unafungwa mpaka unakatwa, hakuna kiumbe anayekigusa kifaa hicho. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa bila dosari. Fundo lake lilikuwa na masikio mawili yaliyolingana sawasawa, hata hospitali za mikoani zilikuwa zikimwazima. Alikuwa mtu mpole, hana makuu, na jioni alimsaidia mkewe kuosha vyombo. Ila ukimtajia habari ya kukata utepe kabla ya wakati, alishtuka kama mtu aliyeambiwa avue suruali sokoni.

Mkewe, Adelina, alikuwa akiuza vitumbua langoni pa hospitali hiyohiyo. Mwezi wa tatu alianza kuhisi kitu kigumu shingoni, chini ya sikio la kushoto, ukubwa wa korosho. Madaktari wakakata kinyama, wakapima, jibu likaja kwamba ni saratani. Adelina alisema, "Haya," kisha akaomba ruhusa akavigeuze vitumbua vyake maana vilikuwa vinaungua. Aliyelazimika kutafutiwa kiti ni Gervasi.

Sasa, katika hospitali hiyo alikuwapo Dakta Kandida Mwafongo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye kwa miaka saba alikuwa amejifungia katika chumba namba saba akiunguza vifuu vya nazi. Wenzake walimcheka kwamba amesomea nje ili aje kuchoma mkaa. Lakini kutokana na vifuu hivyo alipata chembe za kaboni ndogo mno, hata ukizipanga laki moja kwenye mstari hazifikii upana wa punje ya mchele. Wataalamu wa ndani na wa nje walizikagua wakaridhika, na dawa ikapitishwa.

"Mama, nitakudunga hizi," alimweleza Adelina, akimwonyesha picha ya kichupa chenye maji ya rangi ya chai kavu. "Uvimbe una uroho. Kinachopita kwenye damu unakikwapua, kwa hiyo chembe zitajazana humo. Kesho yake nakumulika kwa taa ya kwanza, zinang'aa, naona uvimbe umeanzia wapi na umeishia wapi. Halafu nawasha taa ya pili. Mwanga wake huuoni, lakini chembe zinaunywa na kupata moto. Uvimbe unaiva humohumo, nyama nzima inabaki salama."

"Kumbe ni mkaa tu," alisema Adelina. "Miaka ishirini napikia mkaa, sasa zamu yangu imefika. Utanigeuza upande wa pili, daktari mwanangu, au naiva upande mmoja?"

Dakta Kandida alicheka, kisha akaacha kucheka. Akawaeleza mambo mawili. La kwanza, dawa ile ikishatengenezwa inakaa siku arobaini. Baada ya hapo chembe zinashikana mabonge na hazifai kitu. Na ilikuwa imetengenezwa jana. La pili, mwanga wa taa ile unapenya mwilini kwa unene wa vidole viwili basi. Uvimbe ukiwa juujuu unafikiwa. Ukizama kooni, hakuna taa itakayoufuata huko.

"Kwa sasa uko juu," alisema. "Tufanye wiki hii."

Gervasi alitaka kupiga magoti amshukuru. Badala yake mdomo wake ukauliza wenyewe: "Vifaa vitazinduliwa lini, Dakta?"

Vilikuwa havijazinduliwa. Taa zote mbili na friji ndogo ya dawa vilikuwa vimezungushiwa utepe mmoja mwekundu, fundo zuri ajabu, na aliyelifunga ni yeye mwenyewe jana yake. Sheria ilikuwa wazi kwamba utepe ukikatwa kwa kitu kingine chochote isipokuwa mkasi rasmi, kifaa kinahesabiwa kimeharibika na kinapelekwa ghala la serikali siku hiyohiyo. Dakta Kandida alikuwa na visu kumi na vinne vya upasuaji, na hata kimoja hakikumsaidia.

Gervasi hakupoteza dakika. Aliandika barua, akaipeleka kwa miguu yake mwenyewe Ofisi ya Uzinduzi wa Taifa, jengo la ghorofa tisa ambalo wafanyakazi wake wanafanyia kazi kwenye mahema yaliyoko mbele yake. Siku ya tisa ikaja kamati ya kutangulia, ikiongozwa na Bwana Matogolo, mtu mnene mwenye tabasamu la kudumu na kalamu tatu mfukoni.

"Kitu chenyewe kiko wapi?" aliuliza Bwana Matogolo.

"Kipo kwenye kile kichupa ndani ya friji," alisema Dakta Kandida.

Bwana Matogolo aliinama nje ya utepe, akakodoa macho kwenye kioo cha friji. "Mimi naona maji."

"Chembe hazionekani kwa macho."

Kamati nzima ilitazamana. "Dakta," alisema Bwana Matogolo kwa upole wa kumfundisha mtoto, "Mheshimiwa Mkuu hazindui kitu asichokiona. Mwaka juzi tulimpeleka kuzindua mfumo wa kompyuta, wapiga picha wakakosa pa kuelekeza kamera, gazeti likatoka na picha ya zulia. Hamwezi kuzikuza kidogo? Sisemi sana. Zifike harage."

"Zikifika harage haziwezi kupita kwenye mishipa ya mgonjwa."

"Hayo ni ya kitaalamu. Mimi naongelea picha."

Gervasi ndiye aliyeokoa jahazi. Alipendekeza achongwe mfano wa chembe, wa mti, ukubwa wa boga, uwekwe mezani juu ya kitambaa cheupe. Kamati ilimpigia makofi. Seremala alichonga boga lake kwa siku mbili, lakini kuliidhinisha kulichukua siku nane, kwa sababu kamati ililikataa likiwa jeusi, ikisema rangi hiyo inaleta picha ya msiba, mpaka likapakwa rangi za bendera.

Siku ya kumi na tisa akaja bwana mmoja wa usalama, miwani myeusi, daftari dogo. Alikuwa amesoma maelezo yote ya kitaalamu na kupigia mstari neno moja.

"Hapa pameandikwa zinakusanyika," alisema.

"Ndiyo," alisema Dakta Kandida. "Kwenye uvimbe."

"Ngapi?"

"Mabilioni."

Yule bwana alivua miwani. Ilisemekana baadaye kwamba hakuna aliyewahi kumwona akiivua. "Mabilioni yanakusanyika mahali pamoja, ndani ya raia, halafu yanapata moto, na hakuna aliyeomba kibali?"

Dakta Kandida alifungua mdomo, lakini Gervasi alimkanyaga mguu. Alijua kwamba kubishana kungewala wiki mbili, na kibali kingewala moja. Akakiomba kibali. Siku ya ishirini na saba kikatoka, kimegongwa mihuri mitatu: chembe zimeruhusiwa kukusanyika katika shingo ya mwombaji kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi, kwa amani, bila mabango wala nyimbo, na zitawanyike mara shughuli itakapomalizika.

Gervasi alimsomea mkewe kibali hicho wakiwa barazani. Adelina alikuwa anakunywa uji kwa kijiko kidogo, anameza na kufumba macho. Uvimbe sasa ulikuwa kama ndimu.

"Shingo, umesikia?" Adelina alisema, akijigusa. "Saa nne mtawanyike. Msinitie matatani na serikali." Alicheka, kicheko kikamkwama, na Gervasi akampokea bakuli. Alitamani kulia, akajikaza, akakikunja kibali vizuri kwa mikunjo minne.

Tarehe ikatoka: siku ya thelathini na tano. Bwana Matogolo alikuja mwenyewe nyumbani kwa Kasole kuleta habari hiyo, pamoja na karatasi iliyopigwa chapa.

"Mama, tumekuteua utoe ushuhuda," alisema. "Mgonjwa aliyepona. Dakika tatu. Maneno tumekuandikia ili usisumbuke."

Adelina alisoma kwa sauti iliyokuwa imeanza kupwaya: "Mimi, Adelina Kasole, nilikuwa taabani, lakini leo ni mzima wa afya, na hayo yote ni kwa maono ya Mheshimiwa Mkuu." Akainua macho. "Baba, mbona bado sijatibiwa?"

"Ndiyo maana tumekuletea mapema," alisema Bwana Matogolo. "Upate muda wa kuyazoea."

Siku ya thelathini na tano ilifika, Mheshimiwa Mkuu hakufika. Alikuwa ameitwa kwa dharura kaskazini, akazindue masika, ambayo yalikuwa yameanza kunyesha bila ruhusa. Maturubai yalikunjwa. Boga la mti likarudishwa stoo. Gervasi alipiga simu Ofisi ya Uzinduzi mara kumi na moja siku hiyo, na kila mara aliambiwa kwa adabu kubwa kwamba ombi lake linashughulikiwa, asante kwa uvumilivu wake, aendelee nao.

Siku ya arobaini, saa nane mchana, Dakta Kandida aliingia ofisini kwa Gervasi bila kubisha hodi. Nyuma yake alikuwa Adelina kwenye kiti cha magurudumu, khanga imemfunika shingo.

"Bwana Kasole, leo ndiyo mwisho," alisema. "Kesho ile dawa ni tope. Mkasi unao wewe. Kata, nimdunge mama, kisha ufunge tena. Nani atajua? Fundo ni lako."

Gervasi alifungua kabati, akautoa mkasi kwenye kisanduku chake cha mahameli, akatoka mbele yao. Walifika chumba namba saba watatu, mlango ukafungwa. Aliushika utepe kwa mkono wa kushoto. Aliingiza makali ya mkasi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitaka kuvunja sheria, na alitaka kwa moyo wake wote.

Simu yake ikalia. Ilikuwa Bwana Matogolo, sauti imejaa furaha. "Kasole! Keshokutwa! Safari hii hapana shaka, Mheshimiwa mwenyewe ametia saini. Saa nne kamili. Hakikisha kila kitu kinang'aa."

Gervasi alishusha pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo. "Keshokutwa," aliwaambia, akamgeukia mkewe. "Mama Tumsifu, umesikia? Keshokutwa, tena kihalali."

"Keshokutwa ni siku ya arobaini na mbili," alisema Dakta Kandida.

"Siku mbili tu, Dakta. Pengine zitastahimili."

"Chembe hazijui pengine, Bwana Kasole."

Gervasi aliutazama utepe. Alikuwa ameuvutavuta, na sikio moja la fundo lilikuwa limelegea. Mgeni rasmi anakuja keshokutwa, na fundo liko upande. Kabla hajafikiri, vidole vyake vilikuwa vimeshaweka mkasi chini, vimelifungua fundo, vinalifunga upya. Aliona aibu, alijua kabisa anachofanya, na mikono haikusimama mpaka ilipomaliza. Utepe ulikuwa umekaa mahali pake pale pale, haujakatwa.

Dakta Kandida alikuwa amegeukia ukutani.

"Limekaa vizuri, Baba Tumsifu," alisema Adelina. "Nirudishe, nimechoka."

Mheshimiwa Mkuu hakuja keshokutwa. Dawa ikashikana mabonge ndani ya friji, nyuma ya utepe, ikaonekana kwa macho sasa, na Bwana Matogolo alipopigiwa simu alisema hiyo ni hatua nzuri. Dakta Kandida alianza upya kuunguza vifuu katika chumba cha jirani, kazi ya wiki sita. Wiki ya nne uvimbe ulizama kooni. Alimpima Adelina mara mbili siku hiyo, akitumaini amekosea. Hakuwa amekosea. Alimshika mkono akamwambia ukweli wote, na Adelina, ambaye sauti ilikuwa imekwisha kabisa, alimpigapiga mgongoni kama anayembembeleza mtoto.

Alifariki Jumanne, saa tano asubuhi, katika wodi ambayo nusu ya wauguzi wake walikuwa wateja wake wa vitumbua. Tumsifu, binti yao, alifika kutoka kituo chake cha kazi siku ya mazishi. Hakumuuliza baba yake chochote, na Gervasi aliona afadhali angeuliza.

Siku kumi na moja baada ya mazishi, Mheshimiwa Mkuu akaja.

Gervasi alikuwa ameomba ruhusa ya msiba, lakini hakukuwa na mwingine aliyejua shughuli. Yeye ndiye mshereheshaji. Yeye ndiye mshika kengele, kwani kila msemaji alipewa dakika zake na zikiisha kengele inagongwa. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwongezea mtu hata dakika moja. Askofu aligongewa kengele katikati ya sala, na waziri wa afya katikati ya neno "afya". Asubuhi hiyo alipoisoma ratiba aliona kipengele cha sita: Ushuhuda wa Mgonjwa Aliyepona, Bi. Adelina Kasole, dakika 3. Alikimbia kumtafuta Bwana Matogolo.

"Bwana Matogolo, mke wangu amefariki. Wewe mwenyewe ulikuja kuzika."

"Pole sana, ndugu yangu. Nilisikitika mno." Na kweli alikuwa amesikitika, alikuwa amebeba jeneza mpaka shati likalowa. "Lakini ratiba imekwisha kugongwa muhuri. Kipengele hakiondolewi bila kikao, na kikao kikikaa, uzinduzi unaahirishwa." Alimwelekeza kidole kwenye benchi la nje ya chumba namba saba. Walikuwa wamekaa wagonjwa watatu: mzee mmoja, msichana aliyefungwa bandeji shavuni, na mwanamke aliyempakata mtoto. Kichupa kipya cha Dakta Kandida kilikuwa kimebakiza siku tano. "Unataka na hawa wasubiri?"

Gervasi aliwatazama wale watatu. Akarudi kwenye kipaza sauti.

Kwaya iliimba. Mkuu wa hospitali alishukuru. Bwana Matogolo aliyaeleza maono. Boga la mti lilifunuliwa, watu wakashangilia, kamera zikapata pa kuelekea. Kisha Gervasi akasoma, kwa sauti ileile aliyosomea vipengele vingine vyote: "Kipengele cha sita. Namkaribisha Bi. Adelina Kasole, atoe ushuhuda. Dakika tatu."

Akasogea kando, akaiacha njia ya kipaza sauti wazi, akaangalia saa yake.

Hakuna aliyetokea. Upepo ulipuliza turubai. Safu ya mbele walidhani ni ukimya wa kumheshimu Mheshimiwa, wakainamisha vichwa. Mheshimiwa Mkuu, aliyezoea kusikiliza bila kusikia, alikikazia macho kipaza sauti kitupu akawa anatikisa kichwa kukubali, mara kwa mara, mahali panapostahili. Waandishi waliandika. Dakta Kandida, nyuma kabisa, alikuwa anafuta miwani yake kwa pindo la koti na haimalizi. Wale wagonjwa watatu peke yao ndio waliokuwa wakigeuka huku na huku kumtafuta huyo aliyepona.

Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tatu. Kengele ilikuwa mkononi mwa Gervasi. Watu wa itifaki walimwangalia. Dakika ya nne ikaanza, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya hospitali ile, na Bwana Matogolo akainuka, akamjongelea kwa ncha za vidole na kumnong'oneza sikioni:

"Kasole, zimepita tatu. Gonga."

"Bado anazungumza," alisema Gervasi.

Bwana Matogolo aliitazama ratiba juu mpaka chini, hakuona kifungu cha kumpinga, akarudi kukaa.